Jinsi Linux ilivyojifunza kuwasha taa za rangi

TAA ndogo iliyo ukingoni mwa tarakilishi au juu ya ruta ya intaneti huwa haitazamwi na mtu hadi siku mambo yanapoharibika. Mtandao unapokatika ndipo mwenye nyumba huinama na kuikodolea macho. Ikiwa ya kijani, tatizo liko kwingine. Ikiwa nyekundu, huenda waya umechomoka au huduma yenyewe imekatika. Kwa mtu asiyejua lolote kuhusu vifaa hivyo, rangi ya taa ndiyo habari pekee anayoweza kuisoma bila kumwita fundi. Kwa hivyo si jambo dogo taa hiyo inapowaka rangi isiyofaa, au inapokosa kuwaka kabisa kwa sababu mfumo endeshi uliomo ndani ya kifaa hauitambui.

Hali hiyo iliwakabili kwa muda mrefu watumiaji wa Linux. Taa za rangi moja zilipata makao rasmi ndani ya mfumo huo mwaka 2006. Taa zinazobadilika rangi zililazimika kusubiri hadi mwaka 2020. Miaka hiyo 14 haikupotea kwa uzembe. Kuna sababu za kitaalamu zilizoifanya kazi iwe nzito kuliko inavyodhaniwa, na baadhi ya sababu hizo zinahusu hatari ya kuharibu tarakilishi nzima.

Linux iliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Linaloitwa Linux hasa ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuvitawala vifaa. Kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya Android, hivyo basi hata msomaji ambaye hajapata kulisikia jina hilo huenda analibeba mfukoni kila siku. Kimo vilevile ndani ya ruta nyingi za majumbani na ofisini.

Draiva nayo ni programu inayokaa kati ya kiini na kifaa fulani. Kiini husema kwa lugha moja: washa, zima, ongeza. Draiva huigeuza amri hiyo iwe lugha ya chipu husika. Kwa kuwa watengenezaji wa chipu hawakupatana kuhusu lugha, draiva ni nyingi mno, na kiini hakina budi kuziwekea utaratibu mmoja ili programu za kawaida zisilazimike kuijua kila chipu kwa jina lake. Utaratibu huo ndio uliokosekana kwa taa za rangi.

Rangi ya buluu ilichelewa

Taa zinazozungumziwa hapa ni za aina ya LED. Mwaka 1962, Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric nchini Marekani alionyesha LED iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Kijani na manjano zilifuata. Buluu ilikataa katakata. Ilibidi wanasayansi wa Japani, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano kwa upande mmoja na Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia kwa upande mwingine, wahangaike miaka mingi na kampaundi ya galiamu naitraidi kabla ya buluu yenye nguvu kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Bila buluu hakuna rangi kamili. Macho ya binadamu huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu na kuona rangi karibu zote. Mchanganyiko huu haufuati kanuni za rangi za maji ambazo watoto huchezea shuleni: mwanga mwekundu ukiongezwa wa kijani huzaa manjano, ilhali rangi hizo mbili zikikorogwa katika kopo huzaa kitu kama matope. Taa ya rangi nyingi, basi, si taa moja. Ni LED tatu zilizobanwa ndani ya kijumba kimoja cha plastiki, kila moja ikiwa na waya wake. Jambo hilo ni dogo, lakini ndilo chanzo cha mtafaruku wote uliofuata.

Utaratibu wa 2006

Mpango wa kwanza wa taa uliletwa na Richard Purdie, mtaalamu aliyekuwa akishughulikia tarakilishi za mkononi za Sharp Zaurus, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na John Lenz. Uliingia katika Linux toleo la 2.6.17, lililotolewa Juni 2006. Ulikuwa mpango rahisi kwelikweli, na urahisi huo ndio uliourefushia maisha. Kila taa ilipewa saraka yake chini ya /sys/class/leds, na ndani yake faili moja muhimu iitwayo "brightness", yaani kiasi cha mwangaza. Ukiandika 0 taa inazimika. Ukiandika nambari kubwa zaidi inayokubalika, ambayo mara nyingi ni 255, inawaka kwa nguvu zake zote.

Purdie aliongeza jambo la pili lililopendwa zaidi, nalo ni vichochezi. Mtumiaji anaweza kuiambia taa ifuate tukio fulani bila programu yoyote kuisimamia: imemeke diski inaposomwa, iwake mtandao unapopatikana, au ipigepige kama moyo. Kichochezi hicho cha moyo hupiga mapigo mawili ya haraka kisha hutulia, na mapigo huongeza kasi kadiri tarakilishi inavyoelemewa na kazi. Fundi aliyesimama mbele ya mashine isiyo na kioo anajua kwa kutupa jicho tu ikiwa kiini kingali hai. Taa ikiganda, kiini nacho huenda kimeganda.

Kwa taa ya rangi moja mpango huo ulitosha. Lakini ilipokuja taa ya rangi tatu, kiini kiliona taa tatu zisizohusiana, kila moja na saraka yake. Simu ya Nokia N900 ya mwaka 2009, iliyotumia mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Linux, ilikuwa na taa ya rangi nyingi ya kumjulisha mwenye simu kuhusu ujumbe. Programu iliyotaka rangi ya zambarau kwenye kifaa cha namna hiyo ilipaswa ijue saraka zipi tatu ni za taa moja, kisha iziandikie moja baada ya nyingine.

Kasoro ya njia hiyo huonekana kwa macho. Chukua taa inayotoka nyekundu kwenda buluu. Programu ikiwasha buluu kwanza, taa hupita kwenye zambarau. Ikizima nyekundu kwanza, hupita gizani. Kwa mapambo hakuna atakayejali. Kwa kifaa ambacho nyekundu humaanisha hitilafu na manjano humaanisha subiri, kupita kwenye rangi ya uongo hata kwa kitambo kidogo ni kumdanganya mtu. Vichochezi navyo viliharibika: ukiziambia taa tatu zimemeke kila moja kwa saa yake, hazina hakika ya kubaki pamoja, na zambarau inaweza kuanza kuachana vipande vipande kati ya nyekundu na buluu.

Ubishi kuhusu lugha ya rangi

Mwaka 2016, Heiner Kallweit, mmoja wa wachangiaji wa Linux, alipendekeza kwamba taa ya rangi ipewe nambari moja iliyobeba aina ya rangi, ukolezi wake na mwangaza wake. Ni njia inayoeleweka na wachoraji: unachagua rangi kwenye duara, kisha unaamua iwe kali au hafifu. Ilikuwa na uzuri mmoja mkubwa, kwamba mwangaza ulitenganishwa na rangi. Hata hivyo, ilikitaka kiini chenyewe kifanye hesabu za kugeuza duara hilo kuwa nyekundu, kijani na buluu. Kiini cha Linux hukwepa hesabu za desimali, kwa hivyo ugeuzaji wa namna hiyo hufanywa kwa nambari kamili peke yake. Tena, zipo taa zenye LED ya nne nyeupe, au ya rangi ya kaharabu, ambazo haziingii katika duara hilo. Pendekezo halikukubaliwa.

Wasiolizoea jambo hili huweza kushangaa kwa nini wataalamu wabishane miaka kadhaa juu ya taa. Jibu limo katika msimamo ambao Torvalds ameusimamia kwa ukali kuliko mwingine wowote: programu iliyofanya kazi jana juu ya Linux isivunjike leo kwa sababu kiini kimebadilishwa. Faili ikishawekwa hadharani na programu zikaanza kuitegemea, haiondolewi kwa urahisi. Mpango mbovu wa taa ungebaki humo kwa miongo, na kila mwandishi wa draiva angelazimika kuubeba. Bora kuchelewa, walisema kimyakimya kwa kukataa rasimu moja baada ya nyingine.

Kazi iliyofaulu ni ya Dan Murphy, mhandisi wa kampuni ya chipu ya Texas Instruments ya Marekani. Rasimu zake zilirudishwa kwa marekebisho zaidi ya mara 20. Hatimaye mpango wake uliingia katika Linux toleo la 5.9, lililotoka Oktoba 2020.

Mpango wenyewe unavyofanya kazi

Taa ya rangi nyingi sasa ina saraka moja. Faili ya "brightness" imebaki palepale ilipokuwa tangu 2006, kwa hiyo programu na vichochezi vya zamani vinaendelea kuitumia bila habari kwamba taa ina rangi. Zimeongezwa faili mbili. Ya kwanza, "multi_index", husomwa tu. Hutaja rangi zilizomo na mpangilio wake. Ya pili, "multi_intensity", huandikiwa kiasi cha kila rangi kwa mpangilio uleule, zote kwa mkupuo mmoja.

Faili ile ya kwanza inaweza kuonekana ya ziada, lakini ina kazi. Si kila chipu hupanga nyekundu, kijani, buluu. LED mashuhuri za WS2812, zinazouzwa kwa mikanda mirefu ya mapambo, hutaka kijani kitangulie. Programu inayokisia mpangilio itampa mtumiaji kijani alipoomba nyekundu, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwenye taa ya tahadhari. Programu iliyoandikwa vizuri husoma kwanza, ndipo ikaandika.

Hesabu ni ya darasa la msingi. Kiasi kinachopelekwa kwa kila LED ni mwangaza wa jumla mara kiasi cha rangi hiyo, kugawanya kwa mwangaza wa juu kabisa. Tuseme mtu anataka rangi ya chungwa: nyekundu 255, kijani 100, buluu 0, na mwangaza wa juu ni 255. Akipunguza mwangaza hadi 128, nyekundu hupata 128, kijani hupata 50 na buluu hubaki 0. Chungwa hufifia lakini hubaki chungwa. Kichochezi cha moyo kikipandisha na kushusha mwangaza, LED zote tatu hufuata pamoja. Baadhi ya chipu za Texas Instruments, zile za jamii ya LP50xx, zina sehemu tofauti za mwangaza na za rangi ndani yake zenyewe, hivyo draiva hupeleka nambari mbili hizo bila hata kuzidisha.

Kuna yasiyotatuliwa, na yameachwa kwa makusudi. Mpango hauahidi kwamba 255, 255, 255 itatoa nyeupe. LED nyekundu huhitaji volti zipatazo mbili ilhali ya kijani na ya buluu huhitaji karibu tatu, na nguvu za mwanga wake hazilingani. Mara nyingi nyeupe hiyo huegemea ubuluu. Macho nayo hayahesabu kama chipu: kutoka 10 hadi 20 huonekana mruko mkubwa, kutoka 240 hadi 250 hakuonekani. Kusawazisha mambo hayo ni jukumu la programu iliyo nje ya kiini.

Kwa anayeandika draiva, kazi huanza na kukitambulisha kifaa. Katika tarakilishi ndogo na simu, ramani ya vifaa husomwa kutoka faili ya maelezo ambayo hutaja kila LED, waya wake, na rangi yake kwa nambari: nyekundu ni 1, kijani ni 2, buluu ni 3. Taa mchanganyiko ya jumla hupewa 8, na ile ya rangi hizo tatu hasa hupewa 9. Kisha draiva hujisajili na kutoa utaratibu mmoja wa kubadilisha mwangaza. Hapa wengi wanaoanza hujikwaa. Kichochezi kinaweza kuita utaratibu huo wakati kiini hakiruhusiwi kusubiri hata kidogo, ilhali chipu nyingi za taa zimefungwa kwenye waya wa I2C ambao hauna budi kusubiriwa. Linux hutoa njia mbili, moja ya haraka isiyosubiri na nyingine inayosukumwa pembeni ikangoje zamu yake. Anayechagua isiyofaa anaweza kuiangusha tarakilishi nzima kwa ajili ya taa.

Taa inayoua mashine

Kabla ya mpango rasmi kukamilika, na hata baada yake, wapenzi wa michezo ya tarakilishi hawakukaa wakisubiri. Vifaa vyao vimejaa rangi: kibodi, vipanya, feni, hata vibao vya kumbukumbu. Watengenezaji wengi walitoa programu za Windows peke yake na kuficha lugha ya chipu zao. Mradi huria wa OpenRGB ulichukua jukumu la kuichunguza lugha hiyo na kuvitawala vifaa hivyo kutoka nje ya kiini.

Ni kazi ya manufaa lakini ina mwiba. Vibao vya kumbukumbu vyenye taa huunganishwa kwenye waya wa SMBus, waya uleule uliobeba chipu ndogo inayoieleza tarakilishi kumbukumbu hiyo ni ya ukubwa na kasi gani. Anayebahatisha anwani kwenye waya huo anaweza kuandika rangi mahali palipohifadhiwa maelezo hayo, na tarakilishi isiwake tena. Hofu hiyo si ya kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, programu ya lm_sensors, iliyokusudiwa kupima joto tu, ilivuruga chipu ya kumbukumbu katika baadhi ya tarakilishi za IBM ThinkPad na kuziacha hazifai kitu, kwa sababu chipu hiyo iliuelewa uchunguzi wa kawaida kuwa amri ya kuandika. Tangu hapo wasimamizi wa Linux wamekuwa wagumu kuruhusu draiva inayopapasa waya huo gizani, na ni vigumu kuwalaumu.

Upo pia upande wa uaminifu. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba kamera za baadhi ya tarakilishi za Apple zilizotengenezwa hadi 2008 zingeweza kurekodi bila taa yake kuwaka, kwa kubadilisha programu iliyomo ndani ya kamera yenyewe. Mwenye tarakilishi alitazama taa iliyozimika akaamini haonekani. Fundisho la kihandisi ni kwamba taa ya kulinda faragha haifai kuongozwa na programu. Yafaa ifungwe kwenye umeme wa kamera. Draiva ya taa, hata iwe nzuri kiasi gani, ni programu.

Vifaa vilivyonufaika

Miongoni mwa vya kwanza kupokelewa ni ruta ya Turris Omnia ya shirika la CZ.NIC la Jamhuri ya Czech, yenye taa 12 za rangi. Draiva yake iliingia katika toleo lilelile la 5.9. Kampuni ya Sony nayo ilichangia draiva rasmi ya kidhibiti cha michezo cha DualSense, iliyoingia katika Linux 5.12 mwaka 2021, na baadaye mstari wa mwanga ulio kwenye kidhibiti hicho ukawekwa chini ya mpango wa rangi nyingi. Kampuni hiyo iliandika draiva yenyewe badala ya kuwaachia wanaojitolea.

Kibodi ambazo kila kitufe kina rangi yake ndizo zinazosumbua hadi sasa. Vitufe 100 ni saraka 100, na mawimbi ya rangi yanayopita juu ya kibodi mara 30 kwa sekunde yangemaanisha kuandika mara 3,000 kila sekunde. Mpango wa 2020 haukukusudiwa kwa mzigo huo. Microsoft ilichukua njia nyingine: mwaka 2023 iliongeza katika Windows 11 huduma ya Dynamic Lighting, inayotumia kiwango cha HID LampArray. Kwa kiwango hicho kibodi yenyewe hueleza ina taa ngapi, kila moja iko wapi kwa vipimo, na inakubali rangi zipi. Kisha taa nyingi hupakwa rangi kwa ujumbe mmoja. Katika mijadala ya wasimamizi wa Linux ya mwaka 2024, mwelekeo ulikuwa kukifuata kiwango hicho, na kwa tarakilishi ambazo kibodi zake hazikijui, draiva ijifanye kibodi inayokijua ili programu za nje zizungumze nazo zote kwa lugha moja.